Mwili ni Amana: Juu ya Mazoezi ya Yoga Yafundishwayo kwa Video

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu wa Kitui na Makueni, wake kwa waume, limetufikia suala ambalo baba zetu hawakuulizwa. Nalo ni hili: je, yafaa Mwislamu kufanya nyumbani kwake mazoezi yaitwayo yoga, kwa kumfuata mwalimu amwonaye katika simu? Waulizao zaidi ni dada zetu wenye kuumwa na migongo, nao wamepewa majibu mawili. Mmoja awaambia: "Huo ni ukafiri, zima simu." Wa pili awaambia: "Hayo ni mazoezi tu, fuata kila uambiwalo." Majibu yote mawili ni ya haraka, na haraka haina baraka, seuze katika mambo ya dini.

Tuanze na lililo wazi. Mwili si milki yetu, ni amana. Bwana Mtume (S.A.W.) alipopata habari kuwa Abdullahi bin Amri bin Al-As afunga kila siku na kusimama usiku kucha, alimkataza kupita kiasi, akamfahamisha kuwa mwili wake una haki juu yake, na jicho lake, na mke wake. Ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kuuvunja mwili, basi uvivu na mizigo ya dunia itaruhusiwa kwa hoja gani?

Nasi twaijua mizigo hiyo. Mwanamke wa nchi hii hubeba maji mgongoni, ukanda umepita juu ya paji la uso, akapanda kilima kutoka katika mchanga wa mto mkavu. Muuza duka wa Wote au Mwingi hukaa kitini tangu asubuhi hata usiku. Dereva wa barabara ya Mombasa huupinda mgongo wake kutoka Mtito Andei hadi Emali na zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa na kiuno, na katika muongozo wake wa Desemba 2023 likayataja mazoezi miongoni mwa tiba ya maumivu hayo yakidumu. Basi mwenye kutaka kuunyosha mgongo wake hafanyi mchezo. Anaitimiza haki ya mwili wake.

Ama yoga, asili yake ni Bara Hindi. Kitabu cha Patanjali chaihesabia viungo vinane, na makao ya mwili ni kimoja tu katika hivyo. Vingine ni adabu, na kuzuia pumzi, na kuizamisha fikira, kwa makusudio ya dini yao. Mwanachuoni wetu Al-Biruni alikifasiri kitabu hicho kwa Kiarabu karibu miaka 1,000 iliyopita. Hakukifasiri ili akifuate, wala hakukitukana kabla ya kukisoma. Hiyo ndiyo njia ya wanavyuoni: kujua kwanza, kisha kuhukumu.

Wanavyuoni wa zama zetu wamehitilafiana. Baraza la Fatwa la Taifa la Malaysia, Novemba 2008, liliiharimisha yoga iliyochanganya mazoezi na matamshi ya ibada, na likaona ni bora Waislamu waiepuke hata ile ya viungo vitupu. Baraza la Maulamaa la Indonesia, Januari 2009, liliikataza yenye ibada, likairuhusu iliyo mazoezi matupu. Tazameni vyema: wote wameafikiana kuwa ibada ya wengine haiingii nyumbani kwa Mwislamu. Walilohitilafiana ni kunyosha mkono na mguu. Na asili ya mambo ya ada ni halali mpaka ije dalili ya kukataza. Kwa hiyo sisi twaona kuwa kunyosha viungo peke yake hakuna ubaya.

Basi mwenye kuchagua video na achague kama amchaguliavyo mwanawe mwalimu. Kwanza aitazame yote hali amekaa, kabla hajaifuata. Akisikia matamshi ya kuiita miungu, au neno "Om" likikaririwa, aiache. Akiona ile iitwayo maamkizi ya jua, aiache pia. Mtume wetu (S.A.W.) alitukataza kusali jua linapochomoza na linapokuchwa, ili tusifanane na wenye kulisujudia, ilhali sala ni ya Mwenyezi Mungu, seuze kuliamkia jua lenyewe! Na ziko video nyingine nyingi za wataalamu wa tiba ya viungo, zisizo na jina la yoga wala mambo yake, zenye kufundisha kuunyosha mgongo tu. Hizo ndizo bora kwa mwenye shaka.

Pili, amtazame mwalimu: amesomea kazi yake, au ana umbo zuri tu? Akiahidi kuponya kisukari au presha kwa pumzi, huyo mwongo. Asiachiwe mtu akatupa dawa za daktari. Mwenye mimba, mwenye presha, na mwenye maradhi ya macho wasisimame kwa kichwa, na wamwulize daktari kabla ya kuanza. Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa, Bwana Mtume alimwambia asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Ikiwa sala imefuata uwezo wa mwili, mazoezi yatalazimishaje? Kiungo kikiuma, acha.

Tatu, sitara. Mwanamume asiifanye video ya mazoezi kuwa kisingizio cha kutazama uchi wa wanawake. Na mwanamke afanye mazoezi yake ndani kwake, wala asijipige picha akazituma.

Na enyi waume! Yasikitisha kumwona mtu amkataza mkewe robo saa ya mazoezi kwa jina la dini, wala hamkatazi kubeba dumu la maji la lita 20. Bwana Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha. Chukueni madumu hayo nyinyi, kisha ndipo mseme juu ya migongo yao.

Wako pia wasemao kuwa sala yetu yatosha kuwa mazoezi, kwani ina kurukuu na kusujudu. Tahadharini na neno hili. Sala ni ibada. Twasali kwa kuwa tumeamrishwa, wala si kwa ajili ya kiuno. Asaliye kwa nia ya kunyosha mgongo amepoteza sala yake. Kila jambo na liwekwe mahali pake.

Wala tusiwatukane Wahindu kwa sababu ya dini yao. Twakataa ibada yao kwa hoja, na twaishi na jirani kwa wema.

Ewe Mola, tupe afya ya miili na usalama wa itikadi, wala usituonjeshe kimoja kwa kukikosa kingine. Amin.

Wabillahi taufiki. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.