Majani Yanyaukayo na Majani Yasiyonyauka



Nabii Ezekieli (47:12) alionyeshwa mto utokao Hekaluni, na kando yake miti ambayo majani yake hayanyauki, nayo ni dawa. Mtakatifu Yohana naye aliona mti wa uponyaji wa mataifa (Ufunuo 22:2). Lakini majani yetu hapa Majengo, ya mwarobaini, mpera, mchaichai na kivumbasi, huanza kunyauka siku ile ile yachumwapo. Kwa kuwa hunyauka, hatuna budi kuwa mawakili wa nguvu ambayo Mungu ameitia ndani yake.

Wengi wetu huyaanika juani, juu ya bati, tukitaka yakauke upesi. Jua la Moshi la Januari huyakausha kweli, lakini huondoa zaidi ya maji. Harufu ya mchaichai ni mafuta mepesi. Joto likizidi, huruka hewani. Afadhali tuchume asubuhi, umande ukiisha kukauka, tuyatandaze tabaka moja juu ya ungo safi, kivulini penye upepo, tukiyageuza kila siku mpaka yavunjike mkononi. Kisha tuyahifadhi bila kuyasaga, katika chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na mwanga, na kuandika jina na tarehe. Wakati wa masika tusiyarundike, maana unyevu huleta kuvu, na jani lenye kuvu ni la kutupwa.

Twajifunza pia kwa mama mmoja wa China, Tu Youyou, aliyetafuta dawa ya malaria katika mmea wa artemisia. Alisoma kitabu cha tiba cha Ge Hong, cha karne ya 4, kinachoeleza kuuloweka mmea huo majini na kuukamua, bila kuuchemsha. Akatambua kwamba huenda moto ndio ulioharibu dawa. Mwaka 1971 aliitoa kwa njia isiyo na joto kali, ikafaa. Na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Ndugu, jani lililoharibiwa na jua bado huitwa kwa jina lake. Umbo lipo, nguvu imekwenda, wala alinunuaye hajui. Mtume Paulo alimwonya Timotheo juu ya watu waonekanao wacha Mungu kwa nje tu (2 Timotheo 3:5). Je, sisi si miongoni mwao? Twapenda imani ya juani, ionwayo na watu. Bwana alitufundisha kuomba chumbani, mlango umefungwa (Mathayo 6:6). Hicho ndicho kivuli chetu: sala ya kila siku, toba isiyotangazwa, kumsamehe jirani hata kama moyo wachelewa.

Tena wakili husema kweli. Tusimwambie mgonjwa kwamba jani latosha mahali lisipotosha. Hata kwa artemisia, Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono kutibu malaria kwa majani yake, kwa sababu kiasi cha dawa ndani yake hakilingani, na dawa pungufu huwazoeza vimelea kuishinda dawa. Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa damu siku ile ile, iwe zahanati au Mawenzi. Tusingoje siku tatu tukimnywesha maji ya majani.

Msamaria alitia mafuta na divai katika majeraha, wala hakuishia hapo. Alimpandisha mgonjwa juu ya mnyama wake, akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa gharama (Luka 10:34-35). Nasi tukimpelekea jirani majani tuliyoyakausha vema, tumwulize pia kama anayo nauli ya kwenda hospitali. Kama hana, tuitoe.

Bwana atujalie kuwa mawakili waaminifu, hata tutakapofika penye mti ule ambao majani yake hayanyauki. Amina.