Kabla ya Kuwasha Upya

Wanangu wa Chaka, mnaosomea kompyuta pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi na kesho mtakabidhiwa seva zilizoko Nairobi, nisikilizeni. Kuwasha upya huduma ni kazi ya sekunde chache. Kujua ni nani anayeitegemea ndiyo kazi yenyewe.

Huduma za chinichini hazina anayezitambua mpaka zinyamaze. Ukizima hifadhidata ya sacco jioni ya siku ya soko, mwuza viazi anayelipwa kwa simu hakujui. Anachojua ni kwamba pesa zake zimekwama. Basi uliza kwanza nani anaitumia saa hii, waarifu wenzako, na ikiwezekana ngoja usiku.

Kagua mipangilio kabla ya kugusa kitu. Amri `sshd -t` na `nginx -t` hukuonyesha kosa la faili huku huduma ikiendelea. Nuktamkato moja ikikosekana, nginx iliyozimwa haiwaki tena. Na pale ambapo `reload` inatosha, usikimbilie `restart`: nginx huanzisha michakato mipya, na ile ya zamani humaliza maombi iliyokwisha kuyapokea.

Msizoee `kill -9`. Ishara ya 15 huuomba mchakato ufunge faili zake na kuondoka. Ya 9 haiupi nafasi hata ya kuandika data iliyobaki. Systemd yenyewe kwa kawaida husubiri sekunde 90 kabla ya kutumia nguvu. Nanyi subirini. Tena chungeni `killall`: kwenye Linux huua kwa jina, kwenye Solaris huua karibu kila kitu. Someni mwongozo wa mashine mliyoingia, si wa ile mliyoizoea.

Kwa sshd, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kikao chako cha kwanza kibaki wazi, maana kwa kawaida kuiwasha upya hakukati vikao vilivyopo. Jaribu kuingia kwa kikao cha pili. Ukifaulu, ndipo ufunge cha kwanza. Ukijifungia nje, utapanda matatu alfajiri hadi Nairobi kufungua mlango ulioufunga mwenyewe.

Ukimaliza, usiridhike na rangi ya kijani ya `systemctl status`. Soma logi, kisha itumie huduma kama mteja. Andika ulichobadilisha na saa yake, kwa kuwa atakayeamshwa usiku huenda asiwe wewe.