Vampaya Hafi, Je, Ana Uzima?

Maandiko: Mwanzo 3:22-24, Kumbukumbu la Torati 24:6, 14-15, Yohana 10:10-11

Vijana wetu wanapenda sana filamu za vampaya. Ijumaa, baada ya ibada, mmoja aliniuliza: "Pastor, vampaya hazeeki wala hafi. Si huo ndio uzima wa milele mnaotuhubiria?"

Tusidhani haya ni mambo ya wazungu peke yao. Bram Stoker alitoa kitabu chake Dracula mwaka wa 1897, lakini Pwani yetu ilikuwa na hofu ya mumiani. Enzi za mkoloni, Nairobi na hata Kampala, watu waliwakimbia wazimamoto, wakiamini kwamba wanakamata watu usiku na kuwatoa damu. Ulikuwa uvumi. Lakini wazee wetu walijua kwamba kuna anayenenepa kwa kumaliza nguvu za mwenzake.

Sasa jibu. Adamu alipoanguka, Mungu aliziba njia ya mti wa uzima. Kwa nini? Ili mtu asiishi milele na dhambi yake. Hiyo ilikuwa rehema! Kuishi miaka mia tatu na moyo uleule ni njaa isiyoisha, na kila usiku lazima mwingine apungukiwe. Vampaya anakunywa damu ya watu ili asife. Yesu alimwaga yake, akafa, akafufuka, ndipo sisi tukaishi.

Haya, twende sokoni. Umemkopesha dada fundi wa nguo shilingi 5,000 kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi. Anakulipa riba ya 1,000 tu, kwa sababu hana zaidi. Mwaka ukiisha amekupa 12,000, na bado anadaiwa 5,000 zilezile. Akikosa mwezi mmoja, unabeba cherehani. Torati ilikataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, maana hapo umechukua uhai wa mtu. Cherehani ndiyo jiwe lake la kusagia! Na yule kibarua wa mjengo unayemwambia "kuja kesho" kila jioni? Mungu alisema alipwe kabla jua halijatua.

Utasema, "Pastor, biashara ni biashara." Nimeisomea biashara, na faida si dhambi. Lakini jiulize: huyu mwenzangu akisimama vizuri, nitafurahi au nitapata hasara? Kama faida yako inataka asisimame kamwe, mpendwa, unamnyonya.

Mtaa wetu unaitwa Huruma. Jumapili hii tutashiriki Meza ya Bwana. Kabla hujanyoosha mkono kupokea kikombe, fungua daftari lako la madeni. Kama kuna cherehani ya mtu nyumbani kwako, irudishe Jumamosi. Kama kuna kibarua anakudai, mtumie pesa zake leo, jua lingali juu.

Mungu awabariki. Amina.