Ukisema Ni ya Mbwa

Kiswahili kina vitenzi viwili kwa jambo hili, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mtoto tunamlisha. Mgonjwa tunamlisha. Hata kuku tunawalisha, maana tunayataka mayai. Lakini mbwa? Mbwa tunamtupia. "Mtupie mbwa huo mfupa," basi, hadithi imeisha. Anayelisha husubiri aone kama chakula kimeliwa. Anayetupia ameshageuka, anajifuta mkono, ana mambo mengine.

Naomba tukae kidogo na neno hilo, kwa sababu mjadala wa kumpa mbwa nyama mbichi na mifupa kutoka buchani huendeshwa kana kwamba ni suala la lishe tu. Upande mmoja wapo wafuasi wa Ian Billinghurst, daktari wa mifugo wa Australia, ambaye kitabu chake cha mwaka 1993 kiliwavuta wengi warudi kwenye mifupa mibichi. Hoja yao ni kwamba mbwa ana asili ya mbwa mwitu, basi ale kama babu yake. Upande wa pili wanajibu kwamba mjukuu amebadilika. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa, kwa kuishi na binadamu, amepata uwezo wa kumeng'enya wanga kumzidi babu yake kwa mbali. Ndiyo maana mbwa wa uswahilini anakula ugali na dagaa na usiku bado anabweka.

Haya, wabishane. Swali langu mimi ni lingine. Tunaposimama buchani tukasema "nipe ya mbwa," tunakuwa tumesema nini hasa?

Maneno hayo yanataja mnyama, lakini kwa kweli yanataja daraja. Ya mbwa ni ile nyama isiyotundikwa kwenye ndoano. Ni mapafu, masalia ya utumbo, vipande vya ngozi na mafuta, mifupa iliyokwanguliwa mpaka ikawa meupe. Ukisema unataka ya supu, muuzaji atakutafutia mfupa wenye uboho. Ukisema ni ya mbwa, hachagui, na wewe huulizi imekaa hapo tangu lini. Pande zote mbili zimekubaliana kimyakimya kwamba hapa uangalifu unakoma.

Na hapo pana siri ambayo muuza nyama mwenye macho anaijua na haisemi: si kila anayeomba ya mbwa ana mbwa. Yupo mama anayesema ni ya mbwa kwa sababu kusema ni ya watoto kunauma. Mbwa asiyekuwepo amemwazima jina, ili yeye arudi nyumbani na mfuko wake na heshima yake. Kwa hiyo kile tulichokiita daraja la mnyama lina watu ndani yake.

Waliosoma *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, ambayo tunayo kwa Kiswahili kwa kazi ya Ida Hadjivayanis, watakumbuka mbwa wa kurasa za mwisho. Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, anawaona mbwa wakila kinyesi kilichoachwa na askari, na katika kuwatazama anajitambua. Wengine wameisoma sehemu ile kama tusi kwa mbwa. Mimi naisoma kama mashtaka dhidi ya waliopita wakaacha uchafu nyuma yao. Mbwa hula tulichoacha. Ukitaka kujua jamii inamweka wapi mnyonge, tazama kwanza inaacha nini chini, na nani ameachiwa akiokote.

Sasa yupo atakayesema: bwana, acha falsafa. Kumpa mbwa nyama wakati jirani analala na njaa ni dhambi, basi. Hoja hii siibezi, lakini naona ina shimo. Mfupa ukimnyima mbwa wako hautembei wenyewe mpaka kwa jirani. Mara nyingi anayenung'unikia nyama ya mbwa hampelekei jirani hata chumvi. Halafu yule mbwa aliyefungwa mnyororo nyuma ya geti lenye bango la "Mbwa Mkali" anafanya kazi. Anakesha. Angekuwa huru angekwenda kujitafutia jalalani, lakini wewe umemfunga, kwa hiyo riziki yake umeishika mkononi mwako. Hilo ni deni. La jirani nalo ni deni. Deni moja halifuti jingine, na mwenye madeni mawili haruhusiwi kuchagua la kusahau.

Lakini ushahidi wangu mkubwa dhidi ya kutupia haumo katika huruma. Umo katika ini la ng'ombe, la mbuzi na la kondoo.

Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, kwa miaka mingi ilitajwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani na ugonjwa wa hidatidi. Huletwa na tegu mdogo sana, urefu wake milimita chache tu, anayeishi ndani ya utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi. Mifugo huyala pamoja na majani, na ndani ya ini au mapafu yao huota vifuko vya maji. Siku ya kuchinja, mchinjaji anaona ini lina uvimbe. Hawezi kumpa mtu kitu kile. Anafanya nini? Anamtupia mbwa.

Tazama kilichotokea hapo. Mtu haupati ugonjwa huu kwa kula ini lenye uvimbe. Anaupata kwa mayai yanayotoka kwa mbwa aliyelila ini hilo bichi: kwenye manyoya, kwenye udongo, kwenye maji, kwenye mikono ya mtoto anayecheza naye. Uvimbe hukua taratibu, pengine kwa miaka, mpaka tumbo linavimba na kisu cha daktari kinahitajika. Mwaka 1983 AMREF walianza mpango wa kuudhibiti huko, na kazi haikuwa kupasua wagonjwa tu, bali pia kuwapa mbwa dawa ya minyoo na kuwaelimisha watu. Yaani ilibidi mbwa atunzwe ili mtoto apone. Kile tulichodhani tumekitupa kilikuwa kimeanza safari ya kurudi.

Mafundisho ya zamani yanajua mvutano huu. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinaagiza kwamba nyama iliyoraruliwa na wanyama wasiile watu, watupiwe mbwa. Pwani yetu, wanaofuata madhehebu ya Shafi wanafunzwa kuosha mara saba chombo alicholamba mbwa, mara moja kwa udongo. Lakini mapokeo hayohayo ya Kiislamu yana habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Na pale Mtume alipoulizwa kama kuna thawabu kwa wanyama, alijibu kwa msemo wa Kiarabu unaotaja kila ini lenye unyevu, yaani kila kilicho hai. Ini tena! Mwenye kuosha chombo mara saba hakuondolewa wajibu wa kumtazama mbwa mwenye kiu.

Basi tumlishe mbwa nyama mbichi au tusimlishe? Jibu langu ni kwamba tumlishe, kwa maana kamili ya kulisha. Ini na mapafu yenye uvimbe yachomwe au yafukiwe chini sana, hata mbwa akilia. Matumbo na mapafu mengine yachemshwe sawasawa. Mfupa uliopikwa asipewe, maana huo hupasuka vipande vikali vinavyoweza kumtoboa utumbo, na hata akipewa mbichi mtu asiende zake akamwacha peke yake. Apewe dawa ya minyoo. Mikono ioshwe.

Na pale buchani, muuzaji na mnunuzi waweke kipimo kimoja: nyama ya mbwa iwe ile ambayo, yule mama akifika nayo kwake na kuibandika jikoni, haitamdhuru mwanawe. Yeye hatatuambia hana mbwa. Na sisi hatuna haja ya kumuuliza.