Faida ya Mbingu na Dhima ya Ardhi

Mwenye mali anayeitia mali yake katika safari ya hatari ana haki gani juu ya kile kipatikanacho mwisho wa safari? Suala hili ni la kale katika mwambao, nalo limerudi kwa sura mpya. Safari za angani, ambazo hapo awali zilikuwa shughuli za dola kubwa, sasa zimeingia pia mikononi mwa wafanyabiashara. Kampuni ya SpaceX iliasisiwa Marekani mwaka 2002. Planet Labs, inayouza picha za dunia zilizopigwa na setilaiti, ikafuata mwaka 2010. Nyuma yao yamezuka makampuni machanga mengi, na wawekezaji wameyamiminia fedha hata kabla hayajarusha chochote. Hoja yao ni moja: aliyethubutu ndiye astahikiye.

Mji Mkongwe unaijua hoja hiyo. Katika karne ya 19, tajiri wa Kihindi Taria Topan alimkopesha Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, bidhaa za kwendea bara. Bidhaa zilitoka Unguja kwa mkopo. Pembe za ndovu zilirudi baada ya miaka. Mkopeshaji alilala bila ya kujua kama mdeni wake yu hai. Lile jengo la roshani za nakshi linaloikabili bandari, lililoanza kujengwa mwaka 1887 kwa mali ya Taria, na nyumba ya Tippu Tip iliyopo Shangani ni mashahidi wa faida iliyozaliwa na subira hiyo.

Fiqhi ina kipimo cha mambo kama haya. Katika mudharaba, mmoja hutoa mali na mwingine hutoa kazi. Faida hugawanywa kwa mapatano, na hasara ya mali humwangukia mwenye mali. Msingi wake ni kwamba faida hufuatana na dhima: asiyebeba hatari hana haki ya kula matunda yake. Mkopo wa Taria haukuwa mudharaba, lakini kwa kipimo hiki mtu aweza kusema kwamba mkopeshaji na msafiri, kila mmoja alibeba sehemu yake ya hatari. Mzani huu, hata hivyo, una vitanga viwili tu. Mpagazi aliyekufa njiani, mtu aliyetiwa utumwani na kijiji kilichoporwa hawamo katika hesabu. Mkataba waweza kuwa wa haki kabisa baina ya wawili walioufunga, na ukawa dhulma tupu kwa wa tatu ambaye hakuulizwa.

Huyu wa tatu ndiye wa kutafutwa katika biashara ya mbingu. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kwamba, kwa uchunguzi wa awali, ilikuwa ni kipande cha roketi. Watu wa Mukuku hawakuwa na hisa katika roketi yoyote. Sehemu yao katika safari ile ilikuwa ni hatari peke yake. Kweli, upo mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaoilazimisha nchi iliyorusha chombo kulipa madhara yanayotokea ardhini. Lakini fidia humjia mtu baada ya kudhurika. Haimpi kauli kabla ya chombo kurushwa.

Unguja nayo iliwahi kuwa katika nafasi hiyo. Mwaka 1960 Marekani ilikubaliana na Uingereza, iliyokuwa mlinzi wa visiwa hivi, kujenga Tunguu kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury. Wananchi wengi walipinga, wakihofu kwamba kisiwa kingegeuzwa shabaha katika vita vya wakubwa. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara tatu, na kituo cha Unguja kilikuwa miongoni mwa vile vilivyomsikiliza. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kituo kiliondolewa. Yupo atakayesema kwamba hofu ile haikuwa na msingi, kwa kuwa kituo hakikurusha kombora lolote. Na iwe hivyo. Kukosea juu ya ukubwa wa hatari hakumwondolei mtu haki ya kuulizwa juu yake. Sauti ya mtu mmoja aliyekuwa angani ilisikika Tunguu. Sauti za waliokuwa ardhini hazikuwa sehemu ya mapatano.

Je, dawa ni kila nchi kudai kipande chake cha mbingu? Jambo hilo lilijaribiwa. Desemba 1976, mjini Bogotá, baadhi ya nchi za ikweta, zikiwamo Kenya, Uganda na Zaire, zilidai umiliki wa sehemu za njia ya setilaiti iliyo juu yao, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini. Dunia haikuwakubalia. Malalamiko yao yalikuwa ya haki, lakini walitaka kuiponya tamaa ya kumiliki kwa kumiliki.

Mtetezi wa makampuni atajibu kwa mfano wa baharini: bahari haina mwenyewe, lakini samaki ni wa aliyemvua. Ndivyo ilivyo sheria ya Marekani ya mwaka 2015, inayowaruhusu raia wake kumiliki wakichimbacho angani bila ya kudai umiliki wa sayari yenyewe. Mfano huu una nguvu, ila wavuvi wa visiwani wanaujua hadi mwisho wake. Mvuvi huchukua samaki na kuwaachia wenzake bahari. Anayevua kwa baruti huvunja matumbawe na kuchukua riziki ya kesho ya watu wote. Anayejaza njia za angani setilaiti na mabaki yake amekwisha kuvuka mpaka huo.

Kilicho karibu zaidi na haki ni wakfu, ambao wakaazi wa Mji Mkongwe wanaufahamu vyema: asili haiuzwi wala hairithiwi, manufaa yake hugawiwa, na msimamizi huulizwa. Wakfu haumkatazi mtu kufanya biashara. Humkumbusha kwamba anapita juu ya kitu cha watu. Tangu mwaka 2016, Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na vijana wa Zanzibar wakashiriki kuzirusha. Hapo aliyetazamwa naye alishika jicho. Mwekezaji wa mbingu ana haki ya faida yake, kwa sharti kwamba wale wanaobeba hatari pamoja naye wahesabiwe kuwa washirika kabla chombo hakijang'oa nanga.