Jiwe Halipati Mwanga Bila Kupunguzwa

Somo: Mwanzo 24:15–22, Yohana 15:2

Hebu mgeukie jirani yako, mwambie, "Jirani, usiogope kukatwa." Amina.

Katika darasa letu la wachumba kumetokea swali, nami nikaahidi kulijibu hapa madhabahuni. "Mchungaji, pete ya almasi ya duara kila mtu anayo. Tukitaka mkato tofauti, tuchague upi?" Wengine walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu najua nyuma ya swali hilo kuna kijana anayetafuta mkopo kwa simu, na kuna dada anayepima upendo kwa ukubwa wa jiwe. Basi leo tutazame mikato hiyo, na Neno litusemeshe.

Duara lile la kawaida lina nyuso ndogo 57 au 58. Zimepangwa ili mwanga uingie kwa juu, ugonge chini, urudi kwa jicho lako. Ndiyo maana linametameta. Sasa tuweke mikato mingine mitatu kando yake.

Wa kwanza unaitwa Asscher. Ulibuniwa mwaka 1902 na Joseph Asscher wa Amsterdam, Uholanzi. Ni mraba uliopunguzwa pembe, na nyuso zake zimepangwa kama ngazi. Ukiutazama ni kama unachungulia kisima chenye maji safi. Lakini uwazi huo una gharama. Kwenye duara, kumetameta huficha doa dogo. Kwenye ngazi, doa linaonekana. Wapendwa, kuna uchumba unaometameta kwenye picha, na ndani kuna deni ambalo mwenzako hajui, kuna mtoto hajatajwa, kuna majibu ya hospitali yamefichwa kabatini. Sema kabla ya siku ya harusi! Ukweli unaouma leo ni afadhali kuliko ule utakaofumuka baada ya kiapo.

Wa pili ni mkato wa waridi. Chini ni bapa, juu umeinuka kama kuba. Ulipendwa Ulaya tangu karne ya 16, enzi za mishumaa. Hauwaki kama duara, nuru yake ni ya upole. Nawajua waume wa namna hii. Hawaandiki maneno matamu kwenye simu watu wote wasome, lakini dawa ya mke ikiisha usiku, wanavaa koti na kwenda kuitafuta. Dada, usimdharau mtu kwa sababu hametameti. Si ndio?

Wa tatu una umbo la mtumbwi, masonara huuita markizi. Umechongoka pande zote mbili, na hufanya kidole kionekane kirefu. Almasi ni ngumu kweli, lakini ncha ile ikigongwa vibaya inaweza kumeguka. Kwa hiyo sonara mwenye akili huifunika kila ncha kwa kikucha cha dhahabu. Kila mtu ana ncha yake. Kwa mwingine ni umaskini wa kwao, kwa mwingine ni kuchelewa kupata mtoto. Mkikosana, usiigonge ncha ya mwenzako. Ifunike!

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 1851, almasi iitwayo Koh-i-Noor iliwekwa kwenye maonyesho makubwa huko London. Watu walimiminika kuiona, na wengi wakavunjika moyo. Jiwe lilikuwa kubwa, lakini mwanga wake hafifu. Mwaka uliofuata, Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, akasimamia likatwe upya. Liliingia likiwa na karati 186, likatoka na karati 105 na ushei. Na kilichoondolewa hakikuwa matope. Kilikuwa almasi!

Hapo ndipo Mungu alinishika. Tunadhani Bwana huondoa uchafu tu. Lakini katika Yohana 15 Yesu anasema habari ya tawi ambalo tayari linazaa, na hilo nalo linasafishwa. Ukiingia kwenye ndoa utapunguziwa hata vitu vizuri: uhuru wako, usingizi wako, pesa uliyozoea kutumia bila kumuuliza mtu. Na kinachokata almasi ni unga wa almasi. Wakati mwingine chombo anachotumia Bwana kukukata ni huyo huyo unayelala naye kitanda kimoja. Haleluya?

Turudi kwa Rebeka. Biblia haioni haya kutaja pete, hata uzani wake imeutaja: nusu shekeli ya dhahabu. Kwa hiyo pete si dhambi. Lakini angalia mpangilio. Kabla ya pete kutoka mfukoni, Rebeka alikuwa ameshachotea ngamia kumi maji mpaka wakatosheka. Yule mtumishi alikaa kimya akitazama moyo wake kwanza, dhahabu ikafuata.

Kijana, kama pete itakuacha na deni la miaka miwili, hiyo pete inamvisha mchumba wako deni. Nunua unayoweza kulipa leo, hata kama haina jiwe. Nanyi mnaoishi pamoja na mnaahirisha kiapo mwaka baada ya mwaka eti pete bado, njooni ofisini baada ya ibada. Hatutaulizana mkato. Tutapanga tarehe.

Tuombe. Baba, tumeogopa kupungua. Tukate unavyotaka, mradi nuru yako ipite ndani yetu. Tufundishe kufunikana ncha, na kuambiana kweli. Katika jina la Yesu, Amina.