Somo la 9: Mzazi Anapotokea Baada ya Miaka Mingi

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Mwa. 21:8–21, 25:7–10, Mk. 7:9–13; 1 Sam. 24 na 26, 2 Sam. 13:37–14:33, Lk. 15:17–21, Zab. 27:10.

Fungu la Kukariri: Warumi 12:18. Lisome kwa sauti kila siku, ukizingatia maneno ya mwanzo, ambayo Paulo anaonyesha kwayo kwamba amani na watu haiko mikononi mwa mtu mmoja tu.

Katika makanisa mengi wapo washiriki waliolelewa na mama peke yake, na bibi, au na mjomba, ilhali baba yu hai mahali fulani. Kwa wengine, mama ndiye aliyeondoka. Miaka inapita, mtoto anasoma, anabatizwa, anaanza maisha yake. Ndipo ujumbe unafika: mzazi ni mgonjwa, au amestaafu, au amesikia kuna mahari, na sasa anamtaka mtoto wake. Ndugu husema damu ni nzito kuliko maji. Waumini humkumbusha amri ya tano. Naye hubaki akijiuliza kama kukataa ni dhambi, au kama kukubali ni kujirudisha kwenye maumivu.

Somo hili linatenganisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa: kusamehe, kuheshimu, na kurudiana. Mawili ya kwanza yameamriwa. La tatu huhitaji watu wawili, tena huhitaji ukweli.

JUMAPILI: Ishmaeli Makaburini

Soma Mwanzo 21:8–21 na 25:7–10. Ishmaeli alikuwa na sababu gani za kutofika kwenye mazishi ya Ibrahimu?

Ibrahimu alikuwa na miaka 86 Ishmaeli alipozaliwa (Mwa. 16:16), na miaka 100 alipozaliwa Isaka (Mwa. 21:5). Baada ya karamu ya kumwachisha Isaka ziwa, Hajiri na mwanawe waliondolewa asubuhi na mapema, wakiwa na mkate na kiriba cha maji. Maji yalipokwisha, kijana alikaribia kufa jangwani. Hata wakati wa kumtafutia mke ulipofika, aliyeshughulika ni mama yake.

Ibrahimu alikufa akiwa na miaka 175. Basi Ishmaeli alikuwa na miaka 89, na tangu siku ile ya kiriba ilikuwa imepita miaka kama 70. Biblia haisimulii mkutano wowote kati ya baba na mwana katika miaka hiyo. Lakini kwenye pango la Makpela majina mawili yameandikwa pamoja: Isaka na Ishmaeli. Alikuja, akashika jeneza, kama watu wa leo wangesema.

Heshima hiyo ni kubwa. Hata hivyo ilimfikia baba asiyeweza tena kusema "mwanangu, nisamehe", wala kusikia jibu. Watu wengi hukutana na wazazi wao kwa namna hii: msibani. Anayeweza kukutana salama na mzazi aliye hai asidhani kwamba muda hauna mwisho.

Je, Mungu alimwacha Ishmaeli katika miaka hiyo? Linganisha Mwa. 21:17, 20.

JUMATATU: Kuheshimu Maana Yake Nini?

Soma Marko 7:9–13. Yesu anaihusishaje amri ya tano na mali?

Walikuwapo watu waliosema mali yao ni korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi. Yesu alikataa udanganyifu huo. Kwake, heshima huonekana kwa matendo: chakula, matibabu, kutomtukana mzazi hata anapostahili lawama. Mambo hayo yanaweza kufanywa hata na mtoto ambaye moyo wake bado una jeraha. Anaweza kutuma fedha za dawa kabla hajawa tayari kukaa sebuleni.

Lakini amri haimtaki mtoto aseme uongo. Kusema "baba aliondoka, tukalala njaa" si kumvunjia heshima, ikiwa ndivyo ilivyokuwa. Biblia yenyewe imeandika makosa ya wazazi bila kuyaficha, naye mzazi ana wajibu wake (Efe. 6:4, 1 Tim. 5:8).

JUMANNE: Daudi Arudisha Mkuki

Soma 1 Samweli 24:8–16 na 26:21–25. Daudi alimsamehe Sauli. Kwa nini hakurudi naye nyumbani?

Sauli alikuwa baba mkwe wa Daudi, na Daudi alimwita "baba" hata alipokuwa akiwindwa. Mara mbili alipata nafasi ya kumwua, akakataa. Sauli alilia, akakiri kosa, akamsihi arudi. Tazama jibu la Daudi: hakumkejeli, wala hakuuzuia mkuki wa mfalme. Aliomba kijana mmoja avuke auchukue. Hakuupeleka mwenyewe, kwa maana mkuki wa Sauli alikuwa ameshaukwepa nyumbani mwa mfalme. Kisha Daudi akaenda zake, na Sauli akarudi mahali pake. Sauli alipokufa, Daudi alimwombolezea kwa dhati (2 Sam. 1:17).

Hapa msamaha ni kamili, na umbali umebaki. Daudi hakulipiza kisasi, wala hakujiweka tena mahali ambapo mkono ule ungemfikia. Mtu aliyepigwa au kudhalilishwa na mzazi wake asiambiwe kwamba hajasamehe kwa sababu tu hajarudi.

JUMATANO: Busu Bila Mazungumzo

Soma 2 Samweli 13:37–14:33. Ni nini kilichokosekana Absalomu aliporudi?

Absalomu alikaa Geshuri miaka 3, kisha Yerusalemu miaka 2 bila kuuona uso wa baba yake. Mwishowe mfalme alimbusu. Lakini hakuna mahali palipoandikwa kwamba walizungumza juu ya Tamari, aliyetendewa uovu, wala juu ya damu ya Amnoni. Sura inayofuata inaanza na uasi wa Absalomu. Mengine pia yalichangia, lakini jeraha lililofunikwa lilibaki jeraha.

Linganisha na Luka 15:17–21. Aliyeondoka ndiye aliyeandaa maneno ya toba kabla hajafika mlangoni. Safari nyingine mwana mpotevu ni mzazi, na maneno hayo ni yake kuyasema.

ALHAMISI: Kabla ya Kujibu

Mtu aliyepata ujumbe wa mzazi halazimiki kujibu siku hiyohiyo. Aombe. Ajiulize mzazi anatafuta nini, naye mwenyewe anatazamia nini. Azungumze na aliyemlea, asije akasikia habari hizo mtaani. Mkutano wa kwanza uwe mfupi, mahali pa wazi, pamoja na mtu mzima anayeaminika. Akikubali, asiahidi zaidi ya anavyoweza. Akisema "bado", aseme kwa upole.

Palipokuwa na ukatili au unyanyasaji wa kingono, mzee wa kanisa asilazimishe suluhu, na mtoto mdogo asipelekwe kwa mzazi huyo kwa jina la amri ya tano. Tanzania, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na wako maafisa ustawi wa jamii.

Zaburi 27:10 huwatangulia wote, waendao na wasioenda: aliyeachwa na baba na mama amekwisha kupokewa na Bwana. Hivyo haendi kwa mzazi akiwa ombaomba wa upendo.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Mwanzo 33:1–17 na 35:29. Esau na Yakobo walikumbatiana, kisha kila mmoja akashika njia yake, wakamzika baba yao pamoja.

Maswali ya Kujadili

1. Binti anakaribia kuolewa. Baba aliyeondoka kabla binti hajaanza shule anadai mahari. Mjomba ndiye aliyemsomesha. Mngemshauri nini binti? Mngemwambia nini baba?

2. Ni lini washiriki hutumia amri ya tano kumnyamazisha aliyeumizwa?

3. Huenda darasani yumo mzazi ambaye ndiye aliyeondoka. Aanze na neno gani, na afanye nini mtoto akisema "bado"?